Msumeno wa Watu Wawili

Mlimani Meru, juu ya Nkoaranga,
masika yakielekea kwisha

Mdogo wangu Mwanahamisi,

Kosa la watu wengi ni kumkalisha mtu mwenye hofu. Wakiona moyo unamwenda mbio na mikono inamtetemeka, humwambia, "Tulia. Keti. Jilaze, usiguse kazi." Nawe umeniandikia maneno hayo hayo juu ya mwanao Shaibu, tena mara mbili katika barua moja. Ndiyo sababu nimeanza na kosa kabla ya salamu, jambo ambalo marehemu baba yetu angenikemea mbele ya wageni.

Sasa nakusalimu. Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Mimi sijambo, ila magoti hunikumbusha umri wangu kila nikipanda kilima, na baridi ya huku imenifanya nivae kanzu mbili na blanketi juu yake. Watu wa hapa husema Mswahili amejifunga kama mzigo wa mpagazi. Wewe je? Sikuulizi kwa desturi tu. Umesema chakula hakipiti kooni, usingizi umekukimbia, na kutwa unakaa chumba cha ndani mlango ukiwa umefungwa. Umesema mkaza mwanao Zuhura, mjane wa Salehe, ingawa eda yake imekwisha, naye anakaa chumbani mwake, na nyumba nzima ni kimya. Mwishoni ukauliza, "Kaka, huyu mmoja niliyebakiwa naye atapona?"

Nitakujibu. Lakini unanijua tangu utoto wetu: siwezi kutoa jibu moja bila kueleza kumi. Nivumilie.

Kwanza niliseme lile la kisima, kwa namna Shaibu alivyonisimulia mimi, maana ndimo dawa yake ilimopatikana. Siku ile marehemu Salehe alikuwa chini akichimba, na mdogo wake alikuwa juu akivuta mchanga kwa ndoo. Ndoo ikijaa, Salehe aliitikisa kamba, Shaibu akavuta. Walifanya hivyo tangu asubuhi, huyu akitikisa na huyu akivuta. Kisha ukuta wa mchanga ukaporomoka. Shaibu akavuta kamba, na safari hii hakuna aliyejibu kutoka chini. Aliendelea kuvuta mpaka ngozi ya viganja ikatoka, na majirani wakamwondoa pale kwa nguvu. Mwanahamisi, mwanao hakumwacha ndugu yake. Naliandika hili wazi kwa sababu kuna mtu huko nyumbani, simjui ni nani wala sitaki kumjua, aliyemwambia kwamba angevuta upesi zaidi.

Ulipompandisha treni aje kwangu, nilikwenda kumpokea Moshi, reli inapoishia. Alishuka amelowa jasho kama mtu aliyevuka mto. Muda wote wa safari alikuwa amekaa kwenye benchi, na kadiri alivyokaa ndivyo kifua kilivyombana. Hakuweza hata kunipa mkono vizuri. Nilisema moyoni, huyu hafiki Arusha.

Lakini kutoka Moshi hakuna treni. Tulifuata kwa miguu mikokoteni ya Makaburu, ile inayokokotwa na ng'ombe wengi wakiwa wawili wawili. Ng'ombe hawana haraka. Magurudumu yanalia mlio mmoja, mwendo ni ule ule tangu asubuhi, na mtu hujikuta miguu yake imeanza kuufuata bila kuambiwa. Nikamtazama Shaibu kwa pembe ya jicho. Jasho lilikuwa limekauka. Pumzi zilikuwa zimerefuka. Kufika katikati ya asubuhi aliniuliza ule mlima wenye theluji nyuma yetu unaitwaje, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu tuonane. Tulipokaa chini kula, ule mtetemeko ukarudi, akaweka kipande cha muhogo chini na kusema, "Mjomba, tuondoke." Tukaondoka, ukamwacha. Tulipopumzika tena, ukarudi.

Mimi ni mtu niliyesoma kidogo, na katika kusoma nimejifunza kwamba jambo likijirudia mara kadhaa mbele ya macho yako, linataka uliulize sababu. Nikajiuliza: kama kupumzika ndiyo dawa, mbona akipumzika ndipo anapougua?

Tulipofika hapa, watu walitupokea kwa wema mwingi. Unajua kwamba ninasimamia wapasua mbao msituni. Mbao zetu huteremshwa mjini Arusha, kule bomani, ambako nyumba na maduka vinajengwa kila siku. Fundi wetu mkuu ni Mmeru wa makamo anayeitwa Ndosi. Mkewe alimpa Shaibu kitanda ndani kabisa, karibu na moto, akampikia loshoro, yaani ndizi zilizopondwa pamoja na maziwa mgando, akamfunika mablanketi na kufunga mlango. "Mtoto wa watu alale," akasema. "Mwenye hofu ni kama kuku anayeatamia, hasumbuliwi." Nami nikanyamaza, maana mgeni hafundishi mwenyeji namna ya kukaribisha.

Kuku yule hakuatamia sana. Shaibu alitoka na mlango wenyewe, akapita katikati ya migomba mpaka kwenye mfereji wa maji, na tukamkuta pale anakwenda na kurudi ukingoni, anakwenda na kurudi, akipumua kama mhunzi avukutaye moto. Nikawaambia waliotaka kumshika, "Mwacheni atembee." Nikatembea pamoja naye bila neno mpaka pumzi zikatua.

Kijana mmoja kambini akasema, "Mzee Omari, mchoshe tu. Akichoka atalala." Wakampa magogo ayapandishe kilimani mbio mbio. Hilo nalo ni kosa, ndugu wa lile la kwanza. Moyo unaokwenda mbio ukiukimbiza, unauongezea mbio. Alirudi macho yamemtoka, akatapika. Ndipo nilipoelewa kwamba hatafuti kukaa wala hatafuti kuchoka. Anatafuta mwendo ulio sawa, kama wa wale ng'ombe.

Na mwendo ulio sawa kuliko wote huku ni wa msumeno.

Nikueleze jinsi mbao zinavyopasuliwa, kwa kuwa hujawahi kuona. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mtu mmoja husimama juu ya gogo, mwingine husimama shimoni chini yake, na kati yao kuna msumeno mrefu wenye mpini kila upande. Wa juu anavuta kwenda juu, wa chini anavuta kwenda chini, na meno hukata wa chini anapovuta. Sheria ni moja tu: vuta, usisukume kamwe. Ukisukuma, bapa la msumeno linapinda na mstari unapotea. Ukishavuta zamu yako, unalegeza mikono na kumwachia mwenzako, nawe unapumzika akiwa anavuta yeye. Kwa hiyo kila mtu hufanya kazi nusu na kupumzika nusu, kutwa nzima, bila kusimama. Ukifikiri vizuri, Mwanahamisi, hata kifua chako ndivyo kinavyofanya kikiwa kizima.

Desturi ya wapasuaji ni kwamba fundi hukaa juu, mwanafunzi huingia shimoni kula unga wa mbao. Shimo letu limechimbwa ubavuni mwa kilima, upande mmoja uko wazi, mtu huingia kama apitaye mlangoni. Hata hivyo Shaibu aliliona tu akarudi nyuma mpaka akajikwaa. Nikamwendea Ndosi.

"Ndosi, shuka wewe. Mpandishe kijana juu."

Akanitazama kama niliyemwomba mkewe. "Mimi nishuke? Mimi? Mzee, nimekuwa juu ya magogo tangu huyu hajazaliwa. Tena anatetemeka. Atanipindishia msumeno."

"Msumeno ukipinda, nitaunyoosha kwa mfuko wangu."

"Na ubao ukitoka kama nyoka?"

"Tutauuza kwa mtu mwenye nyumba ya nyoka."

Akacheka, na mtu akishacheka ameshakubali nusu. Akavaa kofia yake ya ukindu, akashuka. Wenzake wakaanza, "Jamani, Ndosi ameshushwa cheo!" "Ndosi, huko chini kodi ni kiasi gani?" Naye akawajibu kutoka shimoni, "Nimefuata kivuli. Nyinyi endeleeni kuungua na jua." Jua lenyewe hatukuwa tumeliona kwa siku kadhaa, kwa ukungu.

Nilidhani nimetatua jambo. Kumbe nilikuwa nimemweka Shaibu mahali pale pale pa siku ile: yeye juu, mtu mwingine chini shimoni. Sikuliona mpaka nilipomwona usoni. Alivuta msumeno mara moja, kisha akaushika asiuachie. Ndosi akivuta chini, Shaibu ameng'ang'ana. Ndosi akilegeza, Shaibu anasukuma kumfuata.

"Usinisukumie!" Ndosi akapiga kelele. "Vuta, kisha niachie! Niachie, wewe Mswahili, mimi si mwizi, nitaurudisha!"

Shaibu akasimama, akainama juu ya gogo, akachungulia. Sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Upo?"

Ndosi habari za kisima alizijua, maana nilikuwa nimemwambia. Akavua kofia, akakung'uta unga wa mbao, akainua uso mweupe kama wa mtu aliyeanguka kwenye pipa la unga.

"Nipo," akasema. "Niende wapi, na umenizika kwa makapi yako hivi? Vuta."

Shaibu akavuta. Akachungulia tena. "Upo?"

"Nipo. Vuta."

Asubuhi yote ilikwenda hivyo, na ubao uliotoka ulikuwa umepinda kiasi kwamba Ndosi aliuegemeza mlangoni pangu kama ushahidi. Wapo mpaka leo, yeye na ushahidi wake. Lakini siku zilizofuata Shaibu aliacha kuchungulia, akabaki kuuliza tu. Akivuta: "Upo?" Ndosi akivuta: "Nipo!" Vijana wa shimo la pili wakaanza kumdhihaki kwa kuwaiga, "Upo?" "Nipo!", na kwa kuwa ilikwenda sawasawa na msumeno, dhihaka ikageuka wimbo. Sasa ukipita njia ya chini asubuhi, utasikia msitu mzima ukiulizana na kujibizana, na wengi wanaoimba hawajui ulianzia wapi.

Mimi niliketi pembeni nikimtazama kama mganga anavyomtazama mgonjwa. Wiki baada ya wiki mabega yalishuka kutoka masikioni. Alianza kula. Alianza kujibu utani: mke wa Ndosi alipomwambia amekonda kama fito, alimwambia, "Mama, nipe loshoro niwe mgomba." Nikajifunza pia kipimo, na kipimo hiki ukishike: mwendo uwe ule ambao mtu anaweza kuuimbia. Ukishindwa kuimba, umekwenda mbio mno, punguza. Ukiweza kulala, umekwenda polepole mno.

Kisha ikaja siku ambayo niliiogopa tangu mwanzo. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na udongo ulikuwa umelowa. Walikuwa katikati ya gogo la mtarakwa wakati donge la udongo, kubwa kama kikapu, lilipomeguka ukutani mwa shimo na kuanguka kwa kishindo. Msumeno ukasimama. Shaibu hakuuliza "Upo?" Alikuwa amekwisha kuruka. Alizunguka upande wa wazi, akaingia shimoni, na nilipofika alikuwa amemkumbatia Ndosi kiunoni akimburuta nje, na Ndosi anapiga kelele, "Nipo! Nipo, mwanangu, nipo, niachie mbavu zangu!"

Udongo ulikuwa umemwangukia kwenye kofia tu. Ndosi akalitazama lile donge, akamtazama Shaibu aliyekuwa anatetemeka mwili mzima, akatazama pale alipokuwa amesimama.

"Kumbe na wewe umeshuka," akasema.

Shaibu akatazama kuta za shimo pande zote mbili. Nadhani hakuwa amejua yuko wapi. Nikajiandaa kumkamata asitoroke. Yeye akafumba macho, akaanza kuyumba taratibu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa mwendo wa msumeno bila msumeno, midomo ikisema maneno yale bila sauti. Hatukumgusa. Pumzi zikarefuka. Akafumbua macho.

Tulikagua kuta zote, tukaegemeza nguzo na mbao pale palipomeguka, maana hofu ni jambo moja na uzembe ni jingine. Tulipomaliza, Shaibu akaokota mpini wa chini.

"Panda juu, Mzee Ndosi," akasema. "Ni zamu yangu kula unga."

Ndosi alipanda, mdogo wangu. Alipofika juu, akapangusa macho akadai ni unga wa mbao. Akavuta, na safari hii yeye ndiye aliyeuliza, "Upo?" Na kutoka shimoni mwanao akajibu, "Nipo!"

Basi hilo ndilo jibu la swali lako. Sikudanganyi kwamba hofu imeondoka kabisa. Ipo siku humrudia, hasa akikaa bure. Lakini hamwogopi mgeni huyo tena kama zamani. Akibisha hodi, Shaibu huinuka, huchukua jembe au shoka au hutembea na kuimba, na mgeni huchoka akaenda zake. Anapona.

Njia ikikauka nitamrudisha kwako. Mwenyewe anataka. Ila jana tulipokuwa tunanoa meno ya msumeno aliniuliza jambo, nami nimeahidi kukuandikia kama alivyolisema. "Mjomba, mama bado anakaa gizani?" Nikasema barua yako inasema hivyo. Akanoa jino moja, akanoa la pili. "Tangu utoto," akasema, "nikikata kona ya kwa fundi cherehani nilikuwa nasikia kinu chetu, nikajua mama yupo na chakula kipo. Siku zile za msiba nilikata kona nikasikia kimya. Kimya kile ndicho ninachokiogopa, mjomba, kuliko shimo."

Jibu liko kwako.

Najua mnadhani kinu ni kelele katika nyumba ya msiba. Lakini tazama. Shaibu huyu alipokuwa mchanga na kulia kwa homa, hukumwambia "Tulia." Ulimfunga mgongoni ukatembea uani, kwenda na kurudi, ukimpigapiga matako taratibu mpaka akalala. Ulijua, bila kufundishwa na mtu, kwamba mwili wenye hofu hausikii maneno; husikia mwendo. Sasa wewe mwenyewe umekuwa ndiye mtoto anayelia, na umejifungia ndani ukijiambia maneno. Kinu ni kama msumeno wetu. Michi miwili, kinu kimoja: wako ukipanda, wa Zuhura unashuka, mmoja akifanya kazi, mwingine anapumzika, na kila mmoja anasikia kwamba mwenzake yupo. Yeye amepoteza mume, wewe umepoteza mwana, na kila mmoja anatetemeka peke yake nyuma ya ukuta mmoja. Hata msipozungumza neno, mtakuwa mmezungumza.

Siku ya kwanza mtapishana vibaya, michi itagongana, na mtalia. Ubao wangu uliopinda bado uko mlangoni, nitauleta uuone.

Nisalimie mume wa dada yetu mkubwa, mwambie jino langu lile limekwisha kung'oka lenyewe. Nisalimie mwalimu wa chuoni anayekusomea barua hii, naye namshukuru kwa subira, maana nimemchosha sauti. Msalimie Zuhura kwa namna ya pekee, umwambie mjomba wa mumewe anamwombea dua kila alfajiri. Ndosi na mkewe wanakusalimu bila kukujua, na wameniwekea kibuyu cha maziwa nikuletee, ingawa nimewaambia hakitafika pwani. Shaibu amekaa hapa karibu yangu, anatikisa mguu kwa mwendo wa wimbo wao, na anasema, "Mwambie mama nipo."

Ni mimi kaka yako Omari, na katika maneno yote haya nakuomba ufanye moja tu: leo, kabla ya adhuhuri, toa kinu uani, mwite Zuhura, na mtwange pamoja.